Darubini Iliyopita Karagwe

Katika miji mikubwa ya Marekani na Ulaya, na penye maporomoko na vilele vinavyotembelewa na wageni, husimamishwa darubini kubwa ya chuma juu ya mguu mmoja. Mtazamaji hutia sarafu katika tundu lake. Sarafu ikishuka hufungua kifuniko kilicho ndani, na mtambo mfano wa ule wa saa huanza kuhesabu. Muda ukiisha kifuniko hujifunga, naye huona giza mpaka atie sarafu nyingine. Kampuni ya Tower Optical ya Connecticut, iliyoanza kazi hiyo mwaka 1932, haiuzi mitambo yake kwa kawaida, bali huiweka mahali pa watu na kugawana mapato na mwenye mahali hapo. Zile zilizochakaa hutafutwa sana na wapenzi wa vitu vya kale, na anayenunua hutaka kujua ilisimama wapi, na ilikuwa ya nani kabla ya kuwa yake.

Swali hilo la mwisho ndilo ninalotaka kuliuliza hapa juu ya darubini nyingine, isiyotiwa sarafu, iliyopita katika nchi ya Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861 na mwanzoni mwa 1862. Nchi hiyo tangu 2012 imekuwa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, na Kituntu ni mojawapo ya kata za Karagwe. Wakati ule ilikuwa himaya moja chini ya Mukama Rumanyika, ambaye boma lake lilikuwa Bweranyange. Wageni wa Kizungu waliandika jina la mahali hapo Weranhanje, na msomaji asipojua hivyo hupotea mapema katika vitabu vyao.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, maana lina habari ya umiliki ambayo orodha za wasafiri hazina. Asili yake ni Kiajemi: dur ni mbali, na bin ni sehemu yenye maana ya kuona. Neno lilienea katika lugha za Bara Hindi na katika bandari za bahari hii, likafika kwetu pamoja na watu wa vyombo na biashara. Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870, aliliandika durabini, na huko waonekana wazi utaratibu wa Kiswahili wa kutokubali konsonanti r na b kugusana, ikatiwa irabu katikati. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 irabu mbili za mwanzo zimekwisha kubadilishana mahali, tunasoma darubini. Na maana zake ni pamoja na chombo cha kutazamia vidudu visivyoonekana kwa macho. Kazi hii ya pili baadaye ilipewa jina lake, hadubini, ambalo limeuchukua mkia wa neno la kwanza kana kwamba -bini ni kiungo cha Kiswahili. Nayo imekuwa hivyo, japo wasemaji wengi hawajui kwamba wanatamka kitenzi cha Kiajemi.

Sasa twende kwenye darubini yetu. Speke na Grant waliondoka pwani mwezi wa Oktoba 1860, wakiongozwa katika mambo mengi na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa Bara Hindi, na nyuma yao wapagazi na askari wa msafara. Safari ilikuwa ya taabu: njaa, vita vya Unyamwezi, hongo kila penye mtemi, na wapagazi kutoroka kwa makundi. Walifika kwa Rumanyika tarehe 25 Novemba 1861, na habari za siku hizo katika kitabu cha Speke kilichotoka mwaka 1863 zina utulivu ambao haumo katika kurasa zilizotangulia. Hawakudaiwa hongo. Walipewa mahali pa kukaa juu ya kilima, ziwa dogo likiwa chini yao, nao wakaliita Little Windermere kwa kulifananisha na ziwa moja la kwao.

Rumanyika alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza, kwa mujibu wa mwandishi huyo, kama jua la leo ndilo lile lile la jana au kila siku huja jua jipya. Tena akauliza juu ya mwezi, kama hubadili uso wake ili kuwacheka wanadamu walio chini. Speke alilieleza jambo hili kama kitu cha kupendeza, kisha akaendelea na habari nyingine. Mimi naona ni mahali pazito kuliko alivyodhani. Mwaka 1608 Hans Lipperhey aliomba hati ya kumlinda juu ya chombo cha kuonea mbali huko Uholanzi, na mwaka uliofuata Galileo alikielekeza chombo cha namna hiyo mwezini, akaona milima na mabonde. Uso wa mwezi ndio uliokuwa swali la kwanza kubwa lililojibiwa kwa darubini. Na hapa palikuwa na mtawala aliyeliuliza mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, ilhali darubini imefungwa katika mizigo ya wageni wake.

Haikufunguliwa iwe yake. Hidaya alizoandikiwa Rumanyika ni sanduku la bati, koti la Kizungu, kitambaa chekundu cha sufu, waya wa shaba, na shanga za namna mbalimbali. Zaidi ya hizo alipata bunduki ya mzinga unaozunguka. Darubini haimo. Speke aliondoka Karagwe tarehe 10 Januari 1862, akimwacha Grant aliyekuwa na kidonda kibaya cha mguu, akavuka mto Kagera, ambao yeye aliuita Kitangule, akafika kwa Mutesa wa Buganda mwezi wa Februari. Huko ndiko tunakoikuta orodha ya vitu alivyomtolea Kabaka: bunduki ya Whitworth, saa ya dhahabu, bastola, bunduki fupi tatu, risasi na fataki, hariri, kiti cha chuma, shanga, visu na vijiko vya mezani, na katikati ya hayo yote, darubini moja.

Sababu yake si ngumu kuijua. Njia ya kuufikia mto Nile pale unapotoka ziwani ilikuwa mikononi mwa Mutesa, kwa hiyo tunu bora ziliwekwa kwa ajili yake. Rumanyika alikuwa amekwisha kuwa rafiki, na rafiki hupewa kidogo. Mutesa naye alipendezwa na bunduki, na kisa cha mtoto wa ikulu aliyetumwa kwenda kumpiga mtu risasi ili kuijaribu moja ya silaha hizo kimesimuliwa mara nyingi mno, wala sina haja ya kukirudia.

Katika hesabu ya wenye darubini, basi, tungeandika majina mawili, Speke na Mutesa, mmoja baada ya mwingine, na Karagwe isingetajwa kabisa. Hesabu hiyo ni sahihi kwa sheria ya mali, lakini ni pungufu kwa historia. Chombo hicho kilichukuliwa kichwani au begani na watu wa pwani na wa Unyamwezi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wasemaji wa Kiswahili katika msafara walikuwa na jina lake kabla hakijafika Bweranyange.

Upande wa Rumanyika tuna ushahidi wa namna nyingine. Stanley alifika kwake mwaka 1876 akaonyeshwa nyumba ya hazina. Aliona humo sanamu za ndege na wanyama za shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki ya makali mawili na vyombo vya chuma vya ufundi mkubwa, sinia za shaba zilizotoka kwa Waarabu. Na mahali pa heshima, ile bunduki ya Speke, ambayo mwenyewe alipenda kuitazama kwa ajili ya kuwakumbuka wageni wake wawili. Miaka 14 ilikuwa imepita. Kwa Mutesa mambo hayakuwa hivyo: ikulu ilihama kutoka kilima hadi kilima, na ile ya mwisho, Kasubi, ikawa kaburi lake mwaka 1884, jumba lake kuu likaungua mwezi wa Machi 2010. Kitu kilichotolewa kwa mtunzaji kilitunzwa, na kile ambacho mtunzaji huyo angekifaidi kuliko wote kilipelekwa mbele.

Si kwamba watu wa Karagwe walikosa kuona mbali. Ni kutoka vilima vyao Speke alipoiona, mwaka ule wa 1861, milima yenye vilele vilivyochongoka huko Rwanda, akaiandika Mfumbiro na kuikadiria futi 10,000. Alikosea kwa mengi. Karisimbi peke yake una mita 4,507, yaani karibu futi 14,800. Jina la Mfumbiro alilipata kwa wenyeji, waliokuwa wakiitazama milima hiyo kila hewa inapotakata.

Ipo kazi moja inayowangoja wanaokusanya maneno ya Kinyambo huko Bweranyange, Nyaishozi, Kituntu na kwingineko: kuandika majina ambayo wazee waliyatumia kwa vitu vya wageni, bunduki, sanduku, kioo, saa na darubini, na kutenga yaliyotoka Kiswahili na yale yaliyobuniwa papo hapo. Orodha ya Speke inatuambia kila kitu kilitolewa kwa nani. Majina hayo yataonyesha ni vipi kati yake vilivyopata kushikwa na kutazamwa.