Mkanda wa dunia, lakini dunia ipi?

Wadau, vijiweni Mbeya na Iringa bado tunabishana: Francis Cheka alikuwa bingwa wa dunia au la? Agosti 2013, Dar, alimshinda Mmarekani Phil Williams kwa pointi, akatwaa mkanda wa WBF. Mimi nilishangilia, sikatai. Lakini mwaka uleule, uzito uleule, Andre Ward alishika mkanda wa WBA na Carl Froch wa IBF, na hakuna aliyelazimika kupigana na Cheka. Desemba Fedor Chudinov akammaliza Cheka raundi ya tatu.

Kwangu, mkanda unapimwa kwa mpinzani wa lazima anayesubiri nyuma yake. Hata vigogo humkwepa: 1992 Riddick Bowe alitupa mkanda wa WBC pipani, London, kuliko kupigana na Lennox Lewis.