Nanji Kalidas Mehta: Kutoka Jahazini hadi Lugazi

Mto Ruvuvu unaopita katika vilima vya Ngara huungana na Kagera karibu na Rusumo. Kagera hushika njia ya kaskazini, hupinda mashariki, hupita Kyaka na kuingia katika Ziwa Viktoria. Nalo ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja, unapoanzia mto Naili. Jani likianguka mtoni huku kwetu, na lisikwame kwenye magugumaji, laweza kufika huko. Binadamu nao walikwenda upande huohuo. Tangu miaka ya 1920 wanaume wa Bugufi, Urundi na Ruanda walitembea kwa miguu siku nyingi kwenda Buganda kutafuta fedha ya kodi na ya nguo. Wengi waliajiriwa katika mashamba ya pamba na kahawa ya Waganda, na wengine waliishia katika miwa. Mmoja wa waliomiliki miwa hiyo ndiye ninayependa tumkumbuke katika kijitabu hiki cha maadhimisho, kwa kuwa maisha yake yanawahusu wanahekalu na majirani zao kwa pamoja.

Nanji Kalidas Mehta alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1880 katika kijiji cha Gorana, karibu na Porbandar, pwani ya Gujarat, katika jamii ya Walohana ambao biashara kwao ilikuwa urithi. Alikuwa na umri wa miaka 13 tu alipopanda jahazi kuja upande huu wa bahari. Siku hizo majahazi ya Porbandar na Kutch yalingojea upepo wa kaskazi, yakashuka nao hadi pwani yetu, na kurejea India wakati wa kusi. Safari ilichukua majuma kadhaa. Abiria alilala juu ya shehena, akapimiwa maji ya kunywa, na tufani ikija hakuwa na la kufanya ila kumwomba Mungu. Mzazi wa leo hamruhusu mtoto wa miaka 13 kupanda basi peke yake kwenda Bukoba.

Baada ya safari za awali alielekea Uganda. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli zilivuka ziwa. Upande wa Busoga ndiko alikoanza kwa dukani: vitambaa, chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Inafaa kueleza jinsi maduka yale yalivyowezekana, maana watu hudhani kila Mhindi alishuka melini na fedha mfukoni. Kijana aliyeanza hakuwa na mtaji. Mfanyabiashara mkubwa wa mjini, kama alivyokuwa Allidina Visram wakati huo, alimpa bidhaa kwa mkopo, naye akalipa baada ya mauzo. Dhamana yake ilikuwa jina la ukoo wake na neno lake. Aliyevunja neno mara moja alifungiwa milango kutoka Mombasa hadi Kampala. Maneno duka, hundi na laki yaliingia katika Kiswahili kwa njia hiyo, yakakaa hata pale wenyewe walipoondoka.

Pamba, iliyoanza kulimwa Uganda kwa ajili ya soko mwaka 1903, ndiyo iliyomwinua. Aliinunua, kisha akajenga vinu vya kuichambua, na mwaka 1924 akafanya jambo lililoonekana la kubahatisha: alianzisha shamba la miwa na kiwanda cha sukari Lugazi, kandokando ya msitu wa Mabira. Mwenzake Muljibhai Madhvani alifuata na kiwanda chake cha Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Karibu na miwa ya Lugazi kulikua mji mzima wenye nyumba za wafanyakazi, shule na matibabu.

Alikuwa pia mtu wa nyumba. Mapokeo ya Kihindu huyagawa maisha katika hatua nne, na ya pili, ya mwenye nyumba, ndiyo inayozibeba nyingine zote, maana mwanafunzi, mzee na mtawa hula kwa jasho lake. Mehta aliishi hatua hiyo akiwa na nyumba mbili zilizotenganishwa na bahari. Kila safari ilimpeleka kwa baadhi ya wapendwa wake na kumtenga na wengine. Mkewe Santokben hana budi kutajwa hapa, kwa kuwa maandishi juu ya wanaume wa aina hii huwasahau wake waliobaki na watoto na mashaka. Mehta aliyafuata mafundisho ya Arya Samaj, ambayo tangu mwanzo yalidai kwamba msichana naye afundishwe Veda, na katika miaka ya 1930 alianzisha Porbandar shule ya bweni ya wasichana, Arya Kanya Gurukul. Binti yake Savita akaja kuwa mjuzi mashuhuri wa ngoma ya Manipuri. Huko Porbandar pia alijenga Kirti Mandir, ukumbusho unaopakana na nyumba alimozaliwa Mahatma Gandhi, wenye kimo cha futi 79 kwa hesabu ya miaka ya Gandhi. Sardar Patel aliufungua Mei 1950.

Hapa ndipo penye swali ambalo majirani zetu wana haki ya kuliuliza, nasi hatuna sababu ya kulikwepa. Fedha ilichumwa Uganda, lakini majengo yake makubwa ya hisani yako Porbandar. Uchambuaji wa pamba ulikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, na mkulima Mwafrika alipotaka kuichambua pamba yake mwenyewe alizuiwa. Jambo hilo lilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyozua ghasia za Buganda mwaka 1949. Miaka kumi baadaye Waganda waligomea maduka ya Wahindi. Mehta hakuitunga sheria ya kikoloni iliyopanga watu kwa rangi, ila alifanikiwa ndani yake. Naye kibarua aliyetoka vilima vyetu kwa miguu, akakata miwa na kurudi na baiskeli au blanketi, hakuacha kitabu cha maisha yake, wakati tajiri wake alikiacha, kilichochapishwa Bombay mwaka 1966. Kwa maoni yangu hisani yake ilikuwa ya kweli, na ilikuwa na mipaka ambayo zama zake zilimzoeza kutoiona.

Alifariki Agosti 1969. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na Lugazi ikachukuliwa. Yaliyofuata wazee wa mkoa huu wanayajua. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwaka 1978, yakapora hadi ukingo wa Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Kampala ilipoanguka Aprili 1979, vijana wa Tanzania walisonga mbele kuelekea Jinja kwa barabara inayopita Lugazi. Huenda wako miongoni mwao waliopita kando ya miwa ambayo babu zao waliipalilia.

Baada ya vita familia iliitwa kurudi. Mahendra, mtoto wa Nanji, alikubali kuanza upya kwa ubia na serikali ya Uganda, wakati sukari ya nchi ile ilikuwa imekwisha kabisa madukani na watu wakiipanga foleni. Mashamba yalikuwa yameingiwa na pori. Ikabidi kwanza watafutwe watu wa kufyeka, nao wakaanza kuja, kama zamani, kutoka pande zote.