Mikhailovskoye, Milki ya Kina Gannibal

Mwaka 1742 Malkia Elizaveta wa Urusi alimgawia Abram Petrovich Gannibal ardhi katika nchi ya Pskov, pamoja na mamia ya wakulima waliohesabiwa kuwa mali ya ardhi hiyo. Aliyepewa alikuwa mtu mweusi, na utotoni yeye mwenyewe aliwahi kuwa mali ya watu.

Alizaliwa Afrika mwishoni mwa karne ya 17. Wako wanaosema kwao ni Uhabeshi, wako wanaosema ni Logone-Birni, katika Kameruni ya leo. Akiwa bado mdogo alifikishwa Istanbul, na toka huko akapelekwa kwa Kaisari Peter Mkuu, aliyemsimamia ubatizo mwaka 1705, akamlea na kumpeleka Ufaransa kusomea uhandisi wa ngome. Peter alipofariki, wakubwa waliomchukia Abram wakamtupa Siberia. Elizaveta, binti Peter, ndiye aliyemrudishia heshima, naye akapanda hadi kuwa jenerali. Kwenye muhuri wake aliweka tembo. Kila nikimkumbuka tembo huyo moyo hunijaa: mtoto aliyeng'olewa kwao, miaka yote ile ya theluji, bado alijua atokako.

Abram alifariki mwaka 1781. Mikhailovskoye, sehemu ya ardhi ile, ikamwangukia mwanawe Osip. Mwanawe mwingine, Pyotr, akapata Petrovskoye, ng'ambo ya ziwa Kuchane. Osip alimtelekeza mkewe Maria, wala sina la kumsifia, lakini alipofariki mwaka 1806 milki iliwarudia Maria na binti yao Nadezhda. Mwana wa Nadezhda ndiye mshairi Alexander Pushkin.

Agosti 1824 serikali ilimfungia huko mshairi huyo akiwa na miaka 25. Baba yake akakubali kumchunga, wakagombana vibaya, na jamaa wote wakaondoka. Alibaki na yaya wake, Arina Rodionovna, kijakazi wa kuzaliwa, ambaye kina Gannibal walimpata akiwa mchanga waliponunua kijiji chao cha Suida. Usiku Pushkin alimsikiliza akisimulia ngano, na alikuwa akiziandika. Nyumba ya kitukuu wa mtumwa ikalishwa lugha na mwanamke aliyekuwa mtumwa wa nyumba hiyo. Hilo halisemwi vya kutosha.

Asubuhi moja ya Januari 1825 rafiki yake wa shule, Ivan Pushchin, aliingia uani kwa kasi, farasi wakivuta gari lake la theluji. Pushkin alitoka barazani peku, na shati tu mwilini. Pushchin akamkumbatia, akambeba ndani. Baadaye, wakiwa wanasoma tamthilia iliyopigwa marufuku, akatokea mkuu wa monasteri aliyepewa kazi ya kumwangalia. Papo hapo Pushkin akafungua kitabu kikubwa cha habari za watakatifu mezani.

Katika miaka miwili ya kufungiwa huko Pushkin aliandika *Boris Godunov* na sura za katikati za *Eugene Onegin*. Alimwendea pia babu yake mdogo Pyotr, akapata kwake habari za Abram zilizoandikwa Kijerumani; mwaka 1827 akaanza riwaya juu ya Abram, asiimalize.

Nadezhda alizikwa mwaka 1836 katika monasteri ya Svyatogorsky, jirani na Osip na Maria. Mwanawe akanunua mahali pa kaburi hapo hapo. Februari iliyofuata, baada ya kuuawa kwa risasi katika pambano la wawili, jeneza lake lilifikishwa kwa gari la theluji, likisindikizwa na rafiki mmoja, mtumishi mmoja na askari mmoja.

Nyumba haikupata amani. Ilichomwa 1918, ikajengwa 1937, ikateketea tena vitani. Aprili 1945 Semyon Geychenko, aliyepoteza mkono wa kushoto vitani, alikabidhiwa mahali hapo. Alianza kwa kuishi kwenye handaki lenye paa, huku wanajeshi wakichimbua mabomu yaliyotegwa mashambani na kilimani penye makaburi. Baadhi yao walifia kazini. Nyumba ilisimama tena mwaka 1949, juu ya msingi ule ule.