Bomba lipite wapi?

Juzi nilikuwa Lurambi, hapa Kakamega, kwenye nyumba ya ghorofa inayojengwa. Fundi wa mabomba alishika ramani niliyochora kwa AutoCAD. Njia za mabomba sikuzichora kwa mkono. Zilichaguliwa na programu yangu ndogo ya AutoLISP.

Akaniita. "Kijana, bomba la choo umelipitisha ndani ya boriti. Nikate chuma?"

Niliona haya. Programu ilitafuta njia fupi, ikaipata. Mimi ndiye sikuiambia boriti ni nini. Mzee huyu angekuwa mtu wa kutii ramani tu, angekata, na boriti ile ndiyo inayobeba sakafu ya juu.

Basi nikarudi kwenye historia, maana tatizo hili lina umri kuliko mimi.

Mwaka 1956, Edsger Dijkstra alikuwa ameketi mkahawani Amsterdam na mchumba wake. Kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi, akabuni namna ya kupata njia fupi kati ya miji miwili. Aliitaka kwa maonyesho ya kompyuta iitwayo ARMAC, na ramani yake ilikuwa na miji 64 ya Uholanzi. Makala yake ya 1959 ilikuwa na mbinu ya pili pia, iliyotumika kupunguza waya wa shaba katika kompyuta ya X1. Kumbe habari za nyaya zilikuwamo tangu mwanzo!

Mwaka 1961, C. Y. Lee wa Bell Labs alichapisha mbinu ninayoipenda zaidi. Chukua karatasi ya miraba. Andika 1 kwenye miraba inayopakana na mwanzo, 2 kwenye inayofuata, na kuendelea, kama maji yanavyotambaa sakafuni. Yakikuta kizuizi yanazunguka. Yakifika mwisho, rudi nyuma ukifuata namba zinazopungua. Hiyo ndiyo njia fupi.

Mwaka 1968, Hart, Nilsson na Raphael, waliokuwa na roboti Shakey kule California, walileta A*: programu hukadiria umbali uliobaki, isitambae kila upande bure.

Lakini bomba si barabara. Bomba la majitaka lenye mteremko wa 1 kwa 40 hushuka sentimita 10 kila mita 4. Kila kona ni mahali pa kuziba. Hata paipu za nyaya za umeme zina kikomo: kanuni za Marekani haziruhusu kona zinazozidi jumla ya digrii 360 kati ya sehemu mbili za kuvutia waya.

Kwa hiyo nimebadilisha programu. Boriti ni marufuku, ukuta una gharama, kona ina gharama kubwa. Angalieni mtego: ukitoza kona, mraba peke yake hautoshi. Lazima ukumbuke pia umeuingia kutoka upande gani, la sivyo jibu litakuwa la uongo.

Njia mpya imerefuka mita 2. Nilimpelekea mzee. Akaitazama kimya, kisha akasogeza chemba kwa kalamu yake. "Hapa nitafikisha mkono ikiziba," akasema.

Hilo nalo sikuwa nimeliandika. Wiki hii naliongeza.