Namna shule ya msingi inavyoweza kuinua mafundisho na maendeleo ya wanafunzi

Shule nyingi za msingi hapa mashariki ya Kongo ziko mikononi mwa makanisa. Zetu za Kiprotestanti ni shule za mkataba, kufuatana na mkataba uliotiwa sahihi tarehe 26 Februari 1977. Serikali inatoa programu ya masomo, inalipa walimu na kutuma wakaguzi. Kanisa linasimamia shule. Basi mtoto akimaliza darasa la sita bila kujua kusoma, jambo hilo linatuhusu sisi pia.

Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni bure katika shule za serikali na za mkataba. Watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani waliingia shuleni, na tunashukuru. Lakini madarasa yalijaa, na walimu wengine wangali wanangoja kuandikwa kwenye orodha ya mishahara. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wenye miaka 10 katika nchi yetu hawawezi kusoma na kuelewa andiko fupi. Mtoto wa namna hiyo ananakili ubao vizuri, anaitikia pamoja na wenzake, anapandishwa darasa. Mwishowe mtihani wa ENAFEP ndio unaomfichua, na muda wa kumsaidia umekwisha.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kujua kila mtoto amefika wapi. Tunataja hapa mambo matano ambayo shule inaweza kuyaanza bila kungoja fedha nyingi.

1. Kupima kusoma, mtoto mmoja mmoja
Mwalimu anamwita mtoto kando na kumpa karatasi yenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi ndogo. Kwa dakika chache anaona mtoto anakwama wapi, naye anaandika katika daftari. Kipimo hiki si cha kutoa pointi wala cha kumwaibisha mtu.

2. Kufundisha kwa kiwango
Shirika la Pratham la India lilieneza njia hii: kwa muda fulani kila siku, watoto wa darasa la tatu hadi la tano wanapangwa kwa kiwango chao cha kusoma, si kwa umri wala darasa. Wasiojua herufi wanakaa pamoja, wanaosoma maneno pamoja, na kila kundi lina mwalimu wake. Majirani zetu wa Zambia wameitumia katika shule za serikali. Mtoto anayepiga hatua anahamia kundi la mbele mara moja, hangoji mwisho wa mwaka.

3. Kuanza na lugha ambayo mtoto anaielewa
Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa, na Kiswahili ni mojawapo. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa lugha anayoielewa anavuka kwenda Kifaransa akiwa na msingi. Mahali ambapo nyumbani wanasema Mashi, Kinande au Kilega, mwalimu anayeijua lugha hiyo aitumie kueleza neno gumu.

4. Direkta aingie darasani
Direkta asiishie kutazama madaftari ya matayarisho. Aketi nyuma ya darasa, asikilize somo zima, kisha azungumze na mwalimu faraghani: jambo moja lililokwenda vizuri na jambo moja la kurekebisha. Mara moja kwa juma walimu wakutane, mmoja aonyeshe somo lake, wengine wachangie. Mwalimu mpya hujifunza mengi kwa kumwona mwenzake akifundisha.

5. Kulinda saa za masomo
Kengele ikichelewa nusu saa kila siku, kwa juma la siku sita saa tatu zimepotea. Pale ambapo shule ina zamu mbili, au vita vimewahamisha watu, hasara ni kubwa zaidi. Mikutano ya kanisa na mazishi yasichukue madarasa wakati wa masomo pasipo lazima.

Washirika nao wana sehemu yao. Kamati ya wazazi iulize idadi ya watoto wanaosoma aya, si asilimia ya waliofaulu tu. Kijana aliyemaliza shule anaweza kuwasomea watoto hadithi Jumamosi kanisani. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwambia mwanawe kila jioni: nisomee ukurasa mmoja. Na mwalimu asiye na mshahara asisahauliwe na parokia.

Ili kujua kama shule inaendelea, kipimo kirudiwe kila baada ya miezi mitatu na hesabu ziandikwe: wangapi walikuwa kwenye herufi, wangapi sasa wanasoma hadithi, wangapi wameacha shule na kwa nini. Hesabu hizo zisomwe mbele ya wazazi, hata zikiwa ndogo. Shule inayowajua kwa majina watoto wake waliokwama imekwisha kuanza kuwafundisha.