Kasoro kama Ushahidi: Uteuzi wa Pedali ya Kubadilisha Kidatu katika Kurejesha Sauti za Gitaa za Zamani, 1948–2020

1.0 Utangulizi

Mpigaji anayetaka kurejesha sauti ya gitaa iliyosikika katika rekodi za zamani hukabiliwa na uteuzi mgumu: ni pedali ipi, miongoni mwa nyingi zilizopo, itumike kubadilisha kidatu cha gitaa lake? Jibu linaloelekea kuwa la wazi ni kuteua ile inayobadilisha kidatu kwa usahihi zaidi. Makala haya yanajenga hoja tofauti. Historia ya vifaa hivi inaonesha kuwa sauti inayotafutwa mara nyingi ilitokana na kasoro ya kifaa kilichoizaa, na kwamba kasoro hiyo ilimwongoza mpigaji katika namna ya kupiga. Kwa hiyo, uteuzi unapaswa kuanza na swali la njia iliyotumika kubadilisha kidatu, kabla ya swali la ubora wa kifaa.

Kidatu hutegemea idadi ya mitetemo. Waya wa tano wa gitaa, ukikazwa kwa kawaida, hutetema mara 110 kwa sekunde. Kuupandisha oktava moja ni kufikia mitetemo 220. Kuushusha oktava moja ni kufikia 55. Hesabu ni nyepesi, lakini njia za kuitimiza zimetofautiana sana.

2.0 Kasi ya Sahani

Katika kibao "Lover" cha mwaka 1948, Mmarekani Les Paul alipandanisha sehemu nane za gitaa, zote zikiwa zimepigwa na yeye mwenyewe, kwa kutumia sahani za kurekodia. Baadhi ya sehemu hizo zilirekodiwa kwa nusu ya kasi, kisha zikachezwa kwa kasi kamili. Kidatu kilipanda oktava moja, lakini muda wa kila noti nao ulipungua kwa nusu. Mguso wa waya ukawa mkali na mlio ukafifia haraka.

Pedali hufanya kazi papo kwa papo. Hupandisha kidatu huku muda wa noti ukibaki ule ule. Kwa msingi huo, hakuna pedali, hata iwe sahihi kiasi gani, inayoweza peke yake kurejesha sauti ya rekodi hiyo. Uteuzi unaofaa hapa ni kurekodi kwa nusu ya kasi, kama alivyofanya Les Paul.

3.0 Wimbi Lililokunjwa

Mwanzoni mwa mwaka 1967, jijini London, Jimi Hendrix alitumia kifaa kilichoitwa Octavia katika sehemu ya gitaa pekee ya wimbo "Purple Haze". Kifaa hicho kilibuniwa na fundi Mwingereza Roger Mayer. Saketi yake hukunja nusu ya chini ya wimbi la umeme ili ielekee juu. Palipokuwa na kilele kimoja hupatikana viwili, na mitetemo 110 husikika kama 220.

Njia hii haina akili ya kutambua noti. Oktava husikika vizuri zaidi noti inapopigwa moja moja, katika sehemu ya shingo iliyo karibu na tumbo la gitaa. Noti mbili zikipigwa pamoja, hugongana na kuzaa sauti nyingine zisizokusudiwa, zenye mkwaruzo. Pedali ya dijitali inayopandisha oktava kwa usafi huondoa mgongano huo, na pamoja nao huondoa sababu mojawapo ya kupiga noti moja moja juu ya shingo.

4.0 Watengenezaji Warudi Nyuma

Mwaka 1982 kampuni ya Boss ilitoa OC-2, pedali iliyoshusha kidatu kwa oktava moja au mbili kwa kugawa idadi ya mitetemo. Iliweza kufuata noti moja tu kwa wakati. Zaidi ya hapo ilitetereka. Mrithi wake wa mwaka 2003, OC-3, aliweza kushughulikia noti kadhaa kwa pamoja. Hata hivyo, OC-5 ya mwaka 2020 ilikuja na swichi yenye hali mbili: ya noti nyingi, na ya kale inayoiga OC-2.

Mwelekeo huo huo unaonekana katika pedali ya Whammy ya DigiTech, ambayo Tom Morello aliitumia katika wimbo "Killing in the Name" wa mwaka 1992. Toleo la tano, la mwaka 2012, liliongezewa hali ya kushughulikia noti nyingi, lakini hali ya awali ikaachwa kando yake.

Mifano hii miwili ina uzito kwa sababu inatoka kwa watengenezaji wenyewe. Kama usahihi ungekuwa ndio maendeleo pekee, hali za zamani zisingekuwa na nafasi katika vifaa vipya.

5.0 Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba msikilizaji hajali saketi, mradi sauti ifanane. Pingamizi hilo lina nguvu jukwaani. Katika utafiti wa historia ya muziki lina hatari: nakala iliyosafishwa humfanya mtafiti aamini kuwa mpigaji alichagua kwa hiari jambo ambalo kifaa kilimlazimisha, au kwamba ustadi wa kukwepa kasoro haukuwahi kuhitajika.

Kwa hiyo, uteuzi wa pedali uongozwe na maswali matatu kwa mfuatano. Je, kidatu kilibadilishwa wakati wa kupiga au wakati wa kurekodi? Je, kifaa kilifuata noti moja au nyingi? Je, kilishindwa wapi, na mpigaji alifanya nini kiliposhindwa? Pedali inayoshindwa mahali pale pale ndiyo inayomrudisha mpigaji wa leo katika mazingira ya kazi ya yule wa zamani.