Marekebisho ya Mifumo ya Kudhibiti Moshi wa Magari katika Nyanda za Juu na za Chini

Gari linalotoka Mombasa kwenda Eldoret huanza safari usawa wa bahari, hupita Nairobi lililoko takriban mita 1,700, kisha hupanda hadi Timboroa, penye takriban mita 2,700. Vivyo hivyo, lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya huacha joto la pwani, hupanda mlima Kitonga na kuwasili katika mji ulioinuka kiasi cha mita 1,700. Katika safari hizo mzigo na mafuta havibadiliki. Kinachobadilika ni hewa. Kanieneo ya hewa katika mwinuko wa mita 1,700 ni takriban asilimia 81 ya ile ya pwani, na Timboroa hushuka hadi karibu asilimia 72.

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kuunguza kikamilifu kilo 1 ya petroli. Kabureta haina uwezo wa kupima uzito wa hewa. Hupima mvuto wa hewa inayopita katika koo lake. Hewa inapokuwa nyepesi, uzito wa hewa inayoingia hupungua kwa kasi kuliko petroli inayovutwa, na mchanganyiko huzidi mafuta. Kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa mchanganyiko uliozidi mafuta kwa takriban asilimia 8 au 9 ikifikishwa mita 1,700, na kwa takriban asilimia 14 ikifikishwa mita 2,700. Petroli isiyopata hewa ya kutosha hutoka katika bomba la moshi ikiwa kaboni monoksidi na hidrokaboni, gesi mbili ambazo mifumo ya kudhibiti moshi ilibuniwa kuzipunguza.

Nchi iliyolishughulikia suala hili mapema kwa njia ya sheria ni Marekani, na sababu yake ilikuwa Denver. Mji huo, mkuu wa jimbo la Colorado, upo takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi hewa yake ya majira ya baridi ilizidi kiwango kilichoruhusiwa cha kaboni monoksidi. Magari yaliyouzwa huko yalikuwa yamepimwa na kuidhinishwa katika maeneo ya chini, hivyo cheti chake kilikuwa cha kweli kwa mahali pengine tu. Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa nchi hiyo, EPA, uliagiza kwamba kuanzia magari ya mwaka 1977 kila gari litakalouzwa katika maeneo ya juu litimize viwango likiwa huko huko. Baadhi ya watengenezaji walijibu kwa kutopeleka aina fulani za magari milimani, na wafanyabiashara wa magari wa maeneo hayo wakalalamika. Katika mwaka huo huo Bunge la Marekani lilifanyia marekebisho Sheria ya Hewa Safi na kusitisha agizo hilo kwa muda.

Marekebisho hayo ya mwaka 1977 yaliweka pia kifungu cha 215, ambacho hadi leo ni mfano mzuri wa namna ya kutofautisha ufundi halali na uharibifu. Sheria hiyo inakataza kuondoa au kulemaza kifaa chochote cha kudhibiti moshi. Fundi wa Denver aliyebadilisha jeti ya kabureta au wakati wa cheche kwa nia njema angeweza kuhesabiwa mkosaji. Kifungu cha 215 kilieleza kwamba marekebisho ya mwinuko hayahesabiwi kuwa uharibifu iwapo yamefanywa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji yaliyoidhinishwa. Maelekezo hayo yanahusu pande zote mbili: gari la pwani linalohamia milimani, na gari la milimani linaloteremka kwenda kuishi nyanda za chini.

Upande huu wa pili husahaulika mara nyingi, ilhali ndio wenye hatari kubwa zaidi kwa injini. Jeti ndogo inayofaa milimani hutoa mafuta pungufu pwani. Mchanganyiko wenye hewa nyingi huunguza kwa joto kali, huweza kuunguza vali na pistoni, na kuongeza oksidi za naitrojeni. Aidha, iwapo wakati wa cheche ulikuwa umewahishwa ili kufidia uunguaji wa polepole wa hewa nyepesi, injini hugonga inaporejea kwenye hewa nzito. Mwenye gari huona milimani kwamba nguvu imerejea, akasahau kilichofanyika, kisha hushuka nalo.

Kuanzia magari madogo ya mwaka 1984, sheria ya Marekani ilitaka gari litimize viwango bila kujali mwinuko wa mahali linapouzwa. Hilo liliwezekana kwa sababu teknolojia ilikuwa imebadilika. Sensa ya oksijeni iliyofungwa katika ekzosi huieleza kompyuta ya gari iwapo mchanganyiko umezidi mafuta au hewa, na sensa ya kanieneo huieleza hewa ina uzito gani. Injekta hupunguza au kuongeza petroli papo hapo. Gari la namna hiyo halihitaji kurekebishwa na fundi linapopanda Kitonga. Litapoteza nguvu, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 kama halina turbo, lakini upungufu huo ni wa maumbile ya hewa wala si ubovu. Gereji inayoahidi kuurejesha kwa kuongeza mafuta inauza moshi.

Mfumo huo unategemea uzima wa vipande vyake. Sensa ya oksijeni iliyochoka huipa kompyuta taarifa za uongo, na dalili hujitokeza kwanza milimani ambako nafasi ya kukosea ni ndogo. Kifaa cha kusafisha moshi, ambacho mafundi wengi hukiita masega, hufanya kazi ipasavyo pale tu mchanganyiko unapokaribia uwiano wa 14.7. Wapo wamiliki wanaoshawishiwa kuyaondoa masega kwa madai kwamba yanabana injini katika miinuko. Masega mazima hayabani injini kwa kiasi hicho. Yaliyoziba mara nyingi yamezibwa na tatizo jingine, kama plagi isiyowasha au injini inayokula oili, na kuyang'oa hakuondoi tatizo hilo. Kinachofahamika vyema ni kwamba ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye soko.

Kwa Afrika Mashariki, kabureta haijawa historia. Ipo katika pikipiki nyingi za bodaboda na katika jenereta ndogo za petroli. Pikipiki iliyonunuliwa pwani na kupelekwa Njombe au Timboroa yafaa ikaguliwe rangi ya plagi: masizi meusi na makavu huashiria mafuta yaliyozidi, na hapo fundi hupunguza ukubwa wa jeti kuu kwa hatua moja. Kukaza au kulegeza skrubu ya sailensa peke yake hakutoshi, kwa kuwa skrubu hiyo hutawala zaidi mwendo wa injini isiyopewa mafuta, wala si mwendo wa barabarani. Namba ya jeti iliyoondolewa iandikwe na jeti yenyewe ihifadhiwe, kwani itahitajika chombo kikirejea chini. Kuhusu jenereta, watengenezaji kadhaa hutoa jeti maalumu za miinuko. Jenereta isiyorekebishwa milimani hutoa kaboni monoksidi nyingi zaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Hata iliyorekebishwa haipaswi kuwashwa ndani ya nyumba, dukani au barazani karibu na dirisha.

Magari ya dizeli yana taratibu zake. Pampu za zamani hutoa kiasi kile kile cha mafuta hata hewa ikipungua, na ziada hiyo ndiyo moshi mweusi unaoonekana nyuma ya malori yanapopanda. Baadhi ya pampu zina kifaa cha aneroidi kinachopunguza mafuta kadiri kanieneo inavyoshuka. Kikiharibika hutengenezwa au hubadilishwa, hakifungwi kwa waya. Turbo husaidia kufidia hewa, lakini milimani huzunguka kwa kasi zaidi ili kufanya kazi ile ile, hivyo kufungua skrubu ya mafuta kupita kiwango cha kiwandani huihatarisha turbo yenyewe pamoja na kuongeza masizi. Dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ambayo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuanza kuitumia Januari 2015, hupunguza chembechembe katika moshi, lakini haiwezi kufidia pampu iliyochezewa.

Mmiliki anayehamisha chombo chake kutoka ukanda mmoja kwenda mwingine kwa muda mrefu aanze na kitabu cha maelekezo ya mtengenezaji, ambacho mara nyingi hutaja mwinuko unaohitaji marekebisho. Katika kanuni za Marekani mpaka wa eneo la juu uliwekwa mita 1,219, sawa na futi 4,000. Kwa kipimo hicho, Nairobi, Iringa na Mbeya ni miji ya juu, na Kisumu, penye takriban mita 1,130, umebaki chini kidogo ya mstari.